Wikiendi Andalusia: anzeni na tiketi ya Alhambra

Kama unasoma Sevilla, kusini mwa Hispania, na wenzako wameanza kusema "twendeni Granada", kateni kwanza tiketi za Alhambra, ngome ya kale ya wafalme Waislamu iliyoko huko Granada, ya basi na malazi yatafuata. Tiketi huisha mapema mno, na kila moja ina jina la mtu, kwa hiyo anayewakatia apewe majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Saa ya kuingia majumba ya Nasri, yaliyomo ndani ya Alhambra, imeandikwa humohumo. Ukichelewa ndiyo basi tena. Pasipoti bebeni yenyewe, msitegemee picha ya simuni.

Njaa isiwatie hofu: baa nyingi za Granada, ukiagiza kinywaji, hata soda, unaletewa na kisahani cha chakula bila malipo. Asiyekula nguruwe aseme "sin cerdo" (bila nguruwe) wakati wa kuagiza, maana jamón, nyama ya paja la nguruwe, huko haikosi.

Mkikosa tiketi, nendeni Córdoba. Treni ya kasi kutoka Sevilla ni kama dakika 45 tu, na Mezquita, msikiti wa kale uliogeuzwa kanisa kuu, huwa bure saa 2:30 hadi 3:30 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili hakuna hiyo bure, na maduka mengi yamefungwa.