Namna ya kumuanzishia mtoto mwenye mtindio wa ubongo mazoezi ya majini

Wazazi wenzangu, hasa nyie ambao watoto wenu misuli imekaza muda wote, hili naliandika kwa ajili yenu. Mwanangu ana miaka 6, nchi kavu miguu yake inapishana kama mkasi, lakini siku ya kwanza tumekaa majini kama dakika 10 hivi nikaona ngumi yake ya kushoto inaachia yenyewe, kidole kimoja kimoja, nikabaki namwangalia tu.

Ni kwamba maji yanabeba mwili. Ukisimama yakakufika kiunoni yanakupunguzia karibu nusu ya uzito, na uvuguvugu unalegeza misuli, ndo maana hata mtu wa kiharusi au bibi mwenye magoti mabovu anapata nafuu humo.

Kabla ya yote ongea na fizio wake, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au daktari. Kama ana kifafa ambacho hakijatulia, kidonda kibichi, homa au anaharisha, subirini kwanza. Maji yawe ya vuguvugu, nyuzi 32 mpaka 34 ndo nzuri, ya baridi yatamkaza zaidi. Sie bwawa la hivyo hatuna, tunaenda baharini mchana wakati maji yanaanza kujaa juu ya mchanga uliochomwa na jua, hapo hapo karibu na ufukwe, siku ya mawimbi tunarudi nyumbani.

Usikimbilie kumlaza, anza na pumzi. Chutama muelekeane, apulize maji kama anapoza chai, mpaka azoee kwamba mdomo ukigusa maji anapuliza, havuti. Hii ni njia ya Halliwick, James McMillan aliianzisha London mwaka 1949 na wasichana wenye ulemavu, kila mmoja na mtu wake, bila maboya, ili mwili ujifunze wenyewe kujiweka sawa.

Mikono yako sasa! Viganja viwe wazi, usimbane, ukimbana naye anakaza. Akishazoea mlaze chali, kichwa begani kwako, sikio lako karibu na mdomo wake maana pumzi ikibadilika utaisikia kabla hajalia. Tembea kinyumenyume huku unamyumbisha polepole, kama unasuuza kanga, miguu itafuata yenyewe, usiivute.

Kutoka ndo wengi tunasahau. Uzito unarudi wote kwa mpigo na baridi inampiga, kwa hiyo mtu wa pili awe ameshasimama na taulo, uji wa moto uwe kwenye chupa. Na usimwachie hata sekunde moja, hata kama maji ni ya magotini.