Somo: Kuomba ufadhili wa masomo na utafiti ng'ambo ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega

Somo hili ni la aliye mwaka wa tatu au wa nne, na la aliyehitimu juzi ambaye bado anajipanga. Wengi huanza kwa kutafuta ufadhili, kisha karatasi wakazikimbilia wiki ya mwisho. Geuza mpangilio huo. Maombi mengi kutoka huku kwetu huanguka kabla hata hayajasomwa: alama za somo moja hazijaingizwa, jina la pasipoti halilingani na la cheti cha KCSE, barua ya mhadhiri imefika siku moja baada ya mlango kufungwa.

Hatua ya 1: Majina

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE na kadi ya chuo. Soma majina herufi kwa herufi. Majina kupishana mpangilio si tatizo kubwa. Tatizo ni jina kukosekana kwenye hati moja, au kuandikwa Wanjiko huku na Wanjiku kule. Kwa tofauti ndogo, hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili hutosha kueleza. Kama jina lenyewe limebadilika, sajili mabadiliko hayo kwanza, kisha uombe pasipoti. Jina la pasipoti ndilo litakaloingia kwenye barua ya chuo, viza na tiketi.

Pasipoti inaombwa kwenye eCitizen. Ya kurasa 34 ni KSh 7,500, na alama za vidole unaweza kutoa Kisumu, Nakuru au Eldoret bila kupanda gari la Nairobi. Usingoje hadi uitwe kwenye mahojiano.

Hatua ya 2: Transkripti

Hapa ndipo muda mwingi unapotea. Kama una alama zilizokosekana, usizungushwe kwa mdomo. Andika barua kwa mkuu wa idara, utaje msimbo wa somo, muhula na jina la mhadhiri, ambatisha nakala ya kadi ya mtihani, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Alama za mwaka wa pili zikiachwa hadi mwaka wa nne, mhadhiri wa muda aliyefundisha somo hilo huenda ameshahama.

Kwa msajili wa taaluma omba vitu vitatu kwa mkupuo mmoja: transkripti iliyotiwa sahihi na muhuri, maelezo ya mfumo wa alama wa chuo, na barua inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo kadhaa vya Ulaya huikubali barua hiyo badala ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao matokeo yake hudumu miaka 2 tu. Aliye mwaka wa mwisho huomba transkripti ya muda. Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, humpokea mradi awe amehitimu kabla ya masomo kuanza.

Maelezo ya alama mara nyingi huchapwa nyuma ya transkripti. Skani upande huo pia! Ujerumani wana fomula ya kugeuza alama: 1 + 3 × (alama ya juu − yako) ÷ (alama ya juu − ya kupita). Mwenye wastani wa 65, chuo kikichukua 100 kuwa alama ya juu na 40 ya kupita, anapata 1 + 3 × 35 ÷ 60, yaani 2.75. Kwao 1.0 ndiyo bora kabisa, kwa hiyo Second Upper nzuri ya Maseno inaonekana ya kawaida tu. Karatasi inayoeleza kwamba kwetu 70 kwenda juu ni First Class humsaidia msomaji wa kule kuelewa.

Skani kwa mashine ya saiba, kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, kila hati PDF moja. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono na pembe ya kitambaa cha meza inaonyesha haraka yako yote.

Hatua ya 3: Chagua wachache

Maombi matatu yaliyokamilika yanashinda kumi na tano ya kunakili. Chagua kulingana na mahali ulipo.

Ukiwa bado kwenye digrii ya kwanza, ulizia ofisi ya ushirikiano wa kimataifa ya chuo chako kama kuna nafasi za muhula mmoja chini ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Hizi hazitangazwi sana, na waombaji ni wachache kwa sababu lazima chuo chako kiwe na mkataba na chuo cha kule. OIST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Okinawa, Japani, hupokea wanafunzi wa mafunzo ya utafiti wa sayansi, na tarehe zake za mwisho ni Aprili 15 na Oktoba 15.

Ukimaliza bila uzoefu wa kazi, tazama Erasmus Mundus: shahada ya uzamili katika nchi mbili au zaidi, bila karo, na euro 1,400 kwa mwezi. Programu nyingi hufungua Oktoba na kufunga Januari. Jihadhari na jambo moja: hizo euro 1,400 ndizo tiketi, viza, nyumba na chakula, na malipo ya kwanza kwa kawaida huja ukishafika. Panga pesa za kuondokea mapema, iwe kwa akiba au harambee. Ufadhili wa serikali ya Uturuki hufungua kila mwaka Januari 10 hadi Februari 20. Kwa uzamili uwe chini ya miaka 30, na mwaka wa kwanza huwa wa kujifunza Kituruki. Serikali ya China inataka uwe chini ya 35 kwa uzamili na chini ya 40 kwa uzamivu. Wanaotaka kubaki karibu na nyumbani waangalie PAUSTI, chuo cha Umoja wa Afrika kilicho ndani ya JKUAT, Juja.

Ukiwa na miaka miwili ya kazi, milango mikubwa inafunguka: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, na kozi za EPOS za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. EPOS wanataka digrii yako isizidi miaka sita, uzoefu uwe wa baada ya kuhitimu, na barua ya mwajiri yenye sahihi, muhuri na tarehe ya karibuni. Barua ya mwaka jana ni kama hukuleta.

Kwa utafiti hapa hapa, RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika, huhudumia kilimo na maliasili kupitia vyuo wanachama, Egerton kikiwemo. icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye kituo Mbita, ina mpango wa uzamivu uitwao ARPPIS. Mfuko wa Rufford wa Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi kwa kazi ya uwandani; karo haimo.

Hatua ya 4: Barua za mapendekezo

Profesa mwenye jina kubwa anayekujua kwa namba ya usajili ataandika aya mbili za "ana nidhamu na bidii". Mhadhiri kijana aliyesimamia mradi wako ataandika ulichofanya. Mchukue huyo. Mpe wiki tatu, na umtumie kwa pamoja transkripti, rasimu ya insha yako, jina la programu na tarehe ya mwisho uliyoirudisha nyuma siku tano. Tumia anwani yake ya chuo, maana baadhi ya mifumo haikubali anwani za kibinafsi. Kisha mwombe atazame kwenye barua taka, kwani kiungo cha kupakia mara nyingi hutua huko. Akikuambia "andika mwenyewe nitie sahihi", mwandikie hoja tano za ukweli badala ya barua nzima. Barua mbili za watu wawili zenye sentensi zilezile hutambuliwa mara moja.

Hatua ya 5: Insha na pendekezo la utafiti

Linganisha hizi mbili.

"Ningependa kutafiti uchafuzi wa Ziwa Victoria ili kuisaidia jamii yangu."

"Nitapima fosforasi kila mwezi kwa miezi 12 kwenye midomo ya mito Nyando na Sondu, nilinganishe na kuenea kwa magugu maji katika Ghuba ya Winam."

Ya pili ina mahali, kipimo, muda na swali linaloweza kujibiwa. Msomaji anaweza kuibishia, na hilo ni jambo zuri, maana amepata cha kushika. Baada ya hapo eleza kwa nini chuo hicho: taja maabara, kifaa au somo ambalo hapa hulipati. Aya ya kusifu ubora wa elimu ya nchi yao ifute, hata kama umeipenda.

Bajeti ya utafiti hukataliwa kwa sababu zilezile kila mara. Kompyuta ndiyo kitu cha gharama kubwa kuliko vyote, nauli haina hesabu ya safari ngapi, vibali vimesahaulika. Andika hivi: safari 12 × siku 2 × kukodi boti, halafu kiasi. Na kiwango cha kubadilisha shilingi ukitaje pamoja na tarehe yake.

Hatua ya 6: Kutuma

Saa ya mwisho ni ya kwao. Chevening hufunga adhuhuri ya Uingereza. Wakiwa kwenye saa za kiangazi, kwetu ni saa nane mchana. Saa 23:59 ya Brussels wakati wa baridi ni saa nane kasoro dakika moja usiku wetu. Tuma siku tatu kabla. Usiku wa mwisho mfumo huelemewa, na stima ya Kondele haijui tarehe ya mtu. Hifadhi barua pepe ya uthibitisho pamoja na PDF ya ulichotuma, maana mahojiano yatatoka humo.

Maswali yaliyoulizwa

Swali (Njoro): Nina Second Lower, 57. Nisijisumbue?

Jibu: Chevening na ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa kawaida wanataka Second Upper, kwa hiyo usipoteze msimu huko. Erasmus Mundus kila programu ina vigezo vyake; soma vya kila moja. Kinachokunyanyua zaidi ni kazi ya utafiti yenye jina lako: msaidizi wa utafiti, data uliyokusanya, makala hata ukiwa mwandishi wa nne. Na kama alama zilishuka muhula mmoja kwa sababu inayojulikana, ieleze kwa sentensi mbili, bila kulia.

Swali (Bungoma): Mwalimu, mimi ni mwalimu wa BOM (niliyeajiriwa na bodi ya shule) tangu nimalize. Saa zangu zinahesabika Chevening?

Jibu: Zinahesabika. Wanataka saa 2,800, ziwe za kulipwa au za kujitolea, za muda wote au nusu. Ukifanya saa 30 kwa wiki, wiki 36 kwa mwaka, unapata 1,080. Utahitaji kama miaka miwili na miezi saba. Kazi za kujitolea za likizo huziba pengo. Mazoezi ya kufundisha yaliyokuwa sehemu ya lazima ya digrii usiyaweke.

Swali (Kisumu): Nina deni la HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Nitazuiwa kusafiri?

Jibu: Deni halizuii ufadhili wala viza. Lakini kuondoka kimya ni gharama: faini ya kutolipa ni KSh 5,000 kwa mwezi, na miezi 24 ya uzamili inafika KSh 120,000 juu ya deni lenyewe. Waandikie kabla ya kuondoka, uambatishe barua ya chuo, mkubaliane kuhusu malipo, na majibu yao yawe kwa maandishi.

Swali (Nakuru): Kuna ofisi mjini inataka KSh 30,000 "kufungua faili" ya skolashipu ya Kanada. Ni kawaida?

Jibu: Si kawaida. Programu zote za ufadhili zilizotajwa hapa hazitozi fomu. Ada halali zipo, lakini hulipwa kwa chuo au mfumo wenyewe: uni-assist, mfumo wa Ujerumani wa kupokea maombi ya vyuo, ni euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata, maombi ya vyuo vya Uswidi ni kroni 900. Mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo vinavyotoza karo, ndiyo maana "skolashipu" yao mara nyingi ni punguzo tu. Anayetaka utume kwa namba ya simu ya mtu binafsi, achana naye.

Swali (Kakamega): Nikipata ufadhili wa Uingereza, naweza kwenda na mtoto wangu wa miaka mitatu?

Jibu: Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa kufundishwa hawaruhusiwi kuandamana na familia. Wenye ufadhili kamili wa serikali ni miongoni mwa wanaoruhusiwa bado. Hata hivyo Chevening haimlipii mtoto, kwa hiyo utathibitisha pesa zake mwenyewe. Wote wawili mtapimwa kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji), Nairobi, na cheti hicho hudumu miezi 6, usikiwahishe mno.

Swali (Bondo): Nimeanza uzamivu Ubelgiji, na data nitaikusanya Siaya. Barua ya profesa wangu inatosha?

Jibu: Haitoshi. Unahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyo Kenya (Maseno wanayo, na Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pia), kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), ambayo ni sharti la sheria ya mwaka 2013. Ukiisha kuipata, nenda na nakala kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kabla hujagusa kijiji. Kama unachukua sampuli za mimea au viumbe kwa ajili ya vinasaba, ongeza kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira; ukiingia mbuga, cha KWS, shirika la wanyamapori. Anza na kamati ya maadili, kwa sababu bila barua yake ombi la NACOSTI halisongi.