Jinsi ya kuipima stori ya kafara za watu kabla hujaifowadi

Kila baada ya muda inarudi ile klipu kwamba Waazteki wa Mexico walichinja watu 80,400 kwa siku nne, mwaka 1487, mfalme Ahuitzotl alipozindua hekalu kuu la Tenochtitlan, mji wao mkuu. Kwanza fungua kalkuleta ya simu. Siku nne ni dakika 5,760, gawanya uone, inakuja kama watu 14 kila dakika, usiku na mchana, hakuna kula hakuna kulala, na wote hao wapandishwe ngazi za hekalu. Sisi mbuzi mmoja wa Idi tu tunajua anavyokula muda.

Ila usikimbilie kusema basi yote uongo, hapo ndo wengi wanateleza. Uliza nani kasema na alikuwa anatafuta nini. Wahispania waliuteka mji 1521, walihitaji sababu, na wafalme wa Kiazteki nao walipenda majirani waogope, kwa hiyo chumvi ilikuwa inaongezwa pande zote mbili.

Sasa nenda kwenye mifupa. Mwaka 2015 wachimbaji nyuma ya kanisa kuu la Mexico City walikuta mabaki ya Huey Tzompantli, chanja ya Waazteki ya kutundikia vichwa vya watu, na kufikia 2020 mafuvu yalishapita 600, ya wanawake na watoto yamo. Angalia panja, kulia na kushoto: kuna tundu kila upande, mti ulipita hapo kama kijiti cha mshikaki. Tundu peke yake linakwambia kichwa kilitundikwa, siyo kwamba mtu aliuliwa kwa ajili ya mungu, ndo maana unaangalia na mahali, na hapa ni eneo la hekalu lenyewe.

Ukipata nywele umebahatika sana. Kwenye mlima Llullaillaco, Argentina, mita 6,739 juu, mwaka 1999 walikutwa watoto watatu wa kafara ya Wainka, watu wa milima ya Amerika Kusini, wamegandishwa na baridi. Binti mkubwa alikuwa na miaka kama 13, kasukwa vizuri. Nywele zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, na ulichotumia kinaacha alama humo, kwa hiyo anza kusoma nchani uende kwenye ngozi: mwaka wake wa mwisho koka, majani ya kutafuna yanayochangamsha mwili, inapanda, wiki za mwisho pombe inazidi kabisa. Alikutwa kakaa, miguu kakunja, na majani ya koka bado yako katikati ya meno.