Vichokozi vya daftari la michoro kwa mwanafunzi wa sanaa aliyeko Dar

Kila Jumamosi jioni wanafunzi wangu wa kuchora hukaa barazani kwetu Temeke, na mara nyingi mmoja wao huja na daftari jipya. Kurasa tatu za kwanza zina michoro iliyofutwa na kurudiwa mpaka karatasi imeota manyoya. Zinazofuata zote ni nyeupe. Ama ameishiwa cha kuchora, ama anaogopa kuliharibu daftari. Ninachompa ni kichokozi, yaani agizo dogo linalosema uchore nini, kwa kifaa gani na kwa muda gani, ili mkono uanze kabla woga haujafika.

Daftari lenyewe lisiwe la bei. Kaunta buku ya kwaya mbili inatosha, na mistari yake isikusumbue. Karatasi ni nyembamba, kwa hiyo gandisha kurasa mbilimbili kwa gundi nyeupe, zikaushe chini ya kitu kizito, na hapo zitahimili rangi ya maji. Ongeza peni ya bluu, penseli ya 2B, na vipande vya mkaa wa jikoni vilivyo vyembamba na vilivyoiva vizuri. Mchoro wa mkaa upulizie spray ya nywele kwa mbali, mkiwa nje, la sivyo utahamia ukurasa wa pili.

Kichokozi ninachokipenda kuliko vyote ni cha kivuli. Weka kigoda uani saa mbili asubuhi, uchore kivuli chake tu, kigoda chenyewe usikiguse. Rudi saa tatu, saa nne, hivyohivyo mpaka saa saba, kila mara kwenye ukurasa uleule, na kila kivuli ukiandikie saa yake. Utaona kivuli kinavyojivuta na kujikunja chini ya miguu ya kigoda. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa na mlingoti ulionyooka hukosa kivuli. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, Desemba huangukia kaskazini. Nasisitiza hili kwa sababu wengi mnajifunza kwa video za wachoraji wa Ulaya, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima, kisha mnachora soko la Tandika lenye vivuli ambavyo Tandika haijawahi kuviona. Fanyeni zoezi hili Machi, mlirudie Juni, kurasa mbili zikitazamana.

Kingine ni cha herufi. Baba yangu alikuwa mchora mabango, na mimi nilikua nikimshikia kopo la rangi, pengine ndiyo maana hapa nakaa muda mrefu. Tembea mtaani kwenu ukikusanya alfabeti nzima kutoka kwenye maandishi ya mkono tu: kuta za saluni, milango ya maduka, matoroli ya wauza maji, migongo ya daladala. Kila herufi uinakili kama ilivyo, pamoja na kivuli chake cha rangi, mkia wake, na pale brashi ilipokauka fundi akachovya tena. Usiirekebishe. A na M utazipata hatua ya kwanza. Q na X hazimo katika maneno yetu, hivyo zitakutembeza.

Kijana mmoja aliniletea alfabeti yake ikiwa kamili, na X yake ilikuwa kubwa kuliko herufi zote, kwa rangi nyekundu. Aliinakili kwenye ukuta wa nyumba ya bibi yake, iliyowekewa alama ya kubomolewa kupisha barabara. Alikuwa amechora hadi michirizi ya rangi iliyoteremka kwenye plasta. Hatukusema mengi. Nilimwambia wiki nzima asichore kitu kingine ila ukuta ule: lile dirisha lenye nondo, kamba ya kuanikia, ndoo chini ya bomba, na X ikiwa hapo kila mara. Alirudi na kurasa kumi na mbili. Kama una nyumba, mti au kibanda unachojua hakitakuwepo mwakani, anza nacho leo.

Khanga nayo ni ukurasa uliokwishapangwa. Ina pindo kuzunguka kingo zote, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina kwa herufi kubwa. Pangilia ukurasa wako vivyo hivyo. Pindo litoke kwenye kitu ulichokiona siku hiyo, tuseme magamba ya samaki changu au matundu ya tofali za urembo, ukikirudia bila kuruka. Katika mji wa ukurasa weka kitu kimoja. Jina liwe kauli uliyoisikia kwa masikio yako kituoni au dukani, maneno yaleyale, usiyapambe. Ukifanya siku saba mfululizo utakuwa na wiki yako yote katika khanga saba.

Ndani ya daladala chora mikono ya abiria walioshika bomba, kwa mstari mmoja usioinua peni, ukiangalia mikono na si karatasi. Gari likirusha, mstari urushwe. Kwenye pantoni ya Kigamboni chora mara tatu: lango likifungwa, katikati ya maji, na lango likifunguliwa. Muda ni mfupi mno, ndiyo faida yake.

Ukienda Mwenge kwa wachongaji, tafuta kinyago cha mpingo cha ujamaa, kile ambacho watu wamepandana na kushikana kama mnara. Usichore watu. Chora matundu yaliyo kati yao, uyajaze mkaa, na watu watajitokeza wenyewe kwa weupe wa karatasi. Nimeona wanafunzi waliohangaika na mwili wa binadamu mwaka mzima wakifunguka kwa zoezi hili.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, yaani miaka minne tu, na hadi leo mtindo unaitwa kwa jina lake. Naomba usinakili simba na twiga wake. Chukua mnyama wa mtaa wako, na kwa Dar huyo ni kunguru mwenye shingo ya kijivu. Mchore mmoja ajaze ukurasa hadi mdomo na mkia viguse kingo, juu ya usuli wa rangi moja. Kesho yake mwingine. Ukifika wa ishirini utajua anavyogeuza kichwa kabla ya kuiba.

Rangi za jikoni zifanyie majaribio kwanza. Chai kavu iliyochemshwa sana hutoa kahawia nzuri ya kivuli. Choya huingia nyekundu, na juu ya baadhi ya karatasi hugeuka kijivu cha samawati unapoitazama. Binzari ni ya njano kali, lakini jua linaila. Mimi nilipoteza picha nzima ya soko niliyoiacha dirishani. Paka viraka vidogo vya kila rangi kwenye ukurasa mmoja, funika nusu yake kwa karatasi nene, uuache juani wiki mbili, kisha ulinganishe.

Kuhusu watu: mpe mtu salamu kabla ya kumchora, na mkubwa umwamkie shikamoo kwanza. Ukimaliza mwonyeshe. Akisema hataki, geuza ukurasa bila kubishana. Kambi za jeshi na bandarini usifungue daftari kabisa, hata kama mwanga ni mzuri namna gani.

Likijaa, andika ndani ya jalada tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na mitaa uliyopita, kisha uliweke juu kabatini, mbali na mchwa na unyevu wa masika. Daftari jipya lifungue siku hiyohiyo, na ukurasa wake wa kwanza urudie kitu kilichokuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa lile la zamani. Langu la sasa limeanza na kigoda.