Lenzi ya sinema isiyo na oto fokasi, unaifanyaje ijifokasi kwa laida

Wadau wa kamera wa Mbeya, Iringa, Njombe na huko Makete, leo tuongee laida maana kila nikipiga harusi lazima mtu anisogelee aulize hicho kidude juu ya kamera ni cha nini na mbona mkono wangu hauko kwenye lenzi. Kwenye boksi wanaandika LiDAR. Inarusha mwanga wa leza ambao jicho halioni, ukimgonga mtu unarudi, nayo inapima muda uliotumika, na mwanga unakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde kwa hiyo mtu akiwa mita 3 safari ya kwenda na kurudi ni kama nanosekunde 20 tu. Ikishajua umbali inaiambia mota izungushe ringi ya fokasi, ile ya kuifanya picha iwe klia, basi.

Sasa shika hili kabla ya lingine lolote: laida haijui kama picha iko klia. Haiangalii picha kama oto fokasi ya kamera inavyofanya, yenyewe inajua umbali, na wewe ndo unaifundisha kwamba mita 2 kwenye lenzi hii ringi inakaa hapa, mita 3 inakaa pale. Ukiifundisha ovyo itakosea kwa uhakika kabisa usiku mzima, na ninavyoona malalamiko mengi kwamba "laida haifai" yanaanzia hapo.

Kwa nini nahangaika nayo? Mimi napenda lenzi ya 85mm ikiwa wazi T1.5 (T ni uwazi wa tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo limefunguka zaidi), zile za Samyang za sinema wengi tunazijua. Kwenye kamera ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa, mtu akiwa mita 2, sehemu iliyo klia mbele mpaka nyuma ni kama sentimita 5 hivi, yaani jicho klia sikio limeshapotea, na bibi harusi anatembea kuja kwako huku wewe nawe unarudi nyuma na gimbo, ule mshikio unaozuia kamera isitikisike. Mkono peke yake utamkosa mara nyingi sana. Ukienda 50mm T2 mtu akiwa mita 3 unapata kama sentimita 40, hapo hata bila laida unaponea.

Vifaa. Kampuni ya DJI walianza kuiweka ndani ya kamera yao ya Ronin 4D mwaka 2021, halafu 2022 ikaja ya kufunga kwenye gimbo ya RS 3 Pro ambayo inafika mita 14, na 2024 wakatoa Focus Pro inayofika mita 20 na hii unaweza kuifunga hata kamera ikiwa begani, haihitaji gimbo. Mota meno yake ni 0.8, ndo saizi ya lenzi karibu zote za sinema. Kama unatumia lenzi ya zamani ya picha, vaa ringi ya meno ya raba, ila hakikisha ringi yake ya fokasi ina mwisho kote kuwili, pande zote mbili igote. Zile lenzi za kisasa ambazo ringi inazunguka bila kugota usipoteze hela, mota haitajua iko wapi.

Haya, kufunga. Sensa ikae juu ya lenzi katikati, iangalie mbele sawasawa na lenzi, na ukishaifunga usiisogeze tena. Hili nasisitiza kwa sababu kipimo kinaanzia kwenye sensa, wakati namba zilizoandikwa kwenye lenzi zinapimwa kutoka kwenye ile alama ya duara lenye mstari kwenye bodi ya kamera, kwa hiyo ukikalibreti, yaani ukiifundisha umbali, kwa macho ile tofauti inaingia yenyewe kwenye hesabu, lakini siku ukisogeza sensa sentimita 4 umeharibu kila kitu na kwa 85mm utaona. Mota ibane lenzi bila mchezo, meno yakiwa na uwazi ringi inachelewa.

Kukalibreti fanya siku moja kabla, sio ukumbini watu wameshakaa. Mimi natafuta korido ndefu, nabandika gazeti kwenye ubao, kamera kwenye tripodi, futi ya fundi chini sakafuni. Mota kwanza ijifunze mwanzo na mwisho wa ringi. Kisha fungua lenzi yote, T1.5 kama ni T1.5, usikalibreti kwenye T5.6 maana pale kila kitu kinaonekana klia na unajidanganya. Kuza picha kwenye skrini, weka fokasi kwa mkono mpaka herufi za gazeti zisomeke vizuri, hifadhi pointi, sogeza ubao. Pointi za karibu ziwe nyingi: mita 1, 1.2, 1.5, 2, halafu 3, 5, 8. Ringi inazunguka sana kati ya mita 1 na 2, ila kutoka 5 kwenda 8 inasogea kidogo tu. Ya mwisho kabisa natoka nje, nailenga kingo ya mlima Loleza pale Mbeya, ndo pointi ya mbali kabisa. Kila lenzi iwe na faili lake na jina lake, na ukibadilisha adapta rudia kazi.

Ukumbini sasa. Vioo vinasumbua, leza inapita au inaruka kwingine. Suti nyeusi inarudisha mwanga kidogo, lenga uso. Shela ndo balaa, sensa inaweza kushika kitambaa badala ya macho, mimi pale nachukua gurudumu la mkono la kuzungushia fokasi mpaka afunuliwe. Na maua ya meza ya keki yakipita mbele inaweza kurukia maua, chagua kufuata uso au punguza eneo la kupima liwe dogo katikati.

Nje jua kali la saa saba linapunguza umbali inaoweza kusoma. Ila kwetu huku adui mkubwa ni ukungu. Tukuyu au Mufindi asubuhi kwenye mashamba ya chai, yale matone yenyewe yanarudisha leza kabla haijamfikia mtu, fokasi inacheza mbele nyuma, na mashine ya moshi wakati maharusi wanafungua muziki ni hivyohivyo. Ukiona inacheza izime, weka alama kwa penseli kwenye tepu nyeupe juu ya gurudumu, vuta kwa mkono. Kule Kitulo kwenye mandhari pana ndo usiiwashe kabisa, milima iko mbali kuliko mita 20, peleka lenzi mwisho wa ringi uliouhifadhi kwa Loleza uendelee na kazi.