Somo: Kurudisha shamba baada ya ajali ya nyuklia

Wakulima wenzangu, Dodoma hatuna kinu cha nyuklia. Lakini wakulima wa Ukraine na Belarus baada ya Chernobyl (1986), na wa Japani baada ya Fukushima (2011), wamejifunza kwa machungu mambo ambayo yeyote anayelisha watu anapaswa kuyajua.

Hatua ya 1: Usilime. Seziamu, madini yenye mionzi yanayorushwa na ajali hizi, ikianguka hukaa juu, kwenye sentimita 5 hivi za mwanzo. Ukipitisha plau umeichanganya na udongo wote, na nafasi ya kuikwangua imepotea. Nalisisitiza hili kwa sababu sisi mvua za Desemba zikianza tu, jembe liko mkononi.

Hatua ya 2: Funga ng'ombe zizini. Wiki za mwanzo adui ni iodini 131, nayo ina mionzi, ambayo hupungua nusu kila siku 8. Ng'ombe huila na majani, nayo hutokea kwenye maziwa, kisha hukimbilia tezi ya shingoni mwa mtoto. Chernobyl iliwaachia maelfu ya watoto saratani ya tezi hiyo. Lisha mabua yaliyokuwa ghalani kabla ya ajali, nywesha maji ya kisima kilichofunikwa.

Hatua ya 3: Pima, ndipo ukwangue. Japani waliondoa udongo na takataka zaidi ya mita za ujazo milioni 13. Rutuba nayo iliondoka, kwa hiyo andaa samadi. Palipochafuka kidogo, hapo tu, baada ya kupima, unaweza kulima kwa kina udongo wa juu uzame.

Hatua ya 4: Weka potashi. Mzizi hauzitofautishi vizuri potashi na seziamu. Ukikosa ya kwanza hubeba ya pili. Mashamba ya kichanga ndiyo yenye hatari zaidi. Wakulima wa mpunga Fukushima walinusuru mavuno kwa mbolea hii.

Hatua ya 5: Pima mavuno kabla ya kuuza. Tangu Aprili 2012 Japani hairuhusu chakula cha kawaida kuzidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 za seziamu kwa kilo. Maziwa ni 50. Kwetu kazi ya kupima ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

MASWALI

Mwanachama, Kongwa: Mwalimu, alizeti si inavuta sumu? Tunayo tele.
Jibu: Ndugu yangu, Japani waliijaribu mwaka 2011, ikavuta kidogo mno. Seziamu hung'ang'ania chembe za mfinyanzi, mmea hauwezi kuing'oa.

Mwanachama, Bahi: Kwetu kuna urani ardhini. Haya yanatuhusu?
Jibu: La, dada. Urani ya asili haikuanguka juu ya shamba, kukwangua hakusaidii. Cha kupimwa kwanza ni maji ya visima.

Mwanachama, Chamwino: Potashi ni ghali. Majivu ya jikoni je?
Jibu: Yana potashi kweli. Ila kuni zikitoka msitu uliochafuka, sehemu kubwa ya seziamu hubaki kwenye majivu, imekolea kuliko ilivyokuwa kwenye mti. Tumia ya kuni zilizokatwa na kuwekwa ndani kabla ya ajali. Mengine usiyasogeze shambani.