Kupanga hatua ya milimani katika mbio za baiskeli

Hatua ni mbio za siku moja ndani ya mashindano ya siku kadhaa. Kuipanga, anza na mstari wa kumalizia, kisha panga ukirudi nyuma. Mlima wa mwisho wa kilomita 8 hadi 14, wenye mwinuko wa wastani wa asilimia 7 au 8, unatosha kuwatenganisha waendeshaji. Kabla yake weka mlima mgumu zaidi, na bonde la katikati lisizidi kilomita 15. Likiwa refu na tambarare, waliochomoka hukamatwa na kundi, kwa hiyo hakuna anayethubutu kushambulia mapema. Hapo ndipo hatua nyingi huharibika. Kilomita 150 zenye mita 4,000 za kupanda ni kazi tosha. Mteremko ukaguliwe lami ikiwa imelowa, na kona kali ziwekewe magodoro. Kileleni, hakikisha magari ya timu yana pa kugeuzia.